Nyasi za bahari: Malisho tuliyoyasahau

Kiswahili cha pwani hakina umaskini wa maneno panapotajwa bahari. Tuna kusi na kaskazi, matlai na umande. Tuna bamvua na maji mafu. Jahazi lina jina kwa kila ubao wake na kila kamba yake, na samaki tunawajua mmoja mmoja, hata mtoto mdogo wa Lamu au wa Mji wa Kale hukutofautishia changu na tafi bila ya kuambiwa. Walakini kipo kitu kimoja ambacho tunakikanyaga kila maji yakipwa, na hatukukipa hata jina lake chenyewe.

Nakusudia yale majani ya kijani yafunikayo mchanga baina ya ufuo na mwamba, yanayolala chali maji yakitoka na kusimama wima maji yakirudi. Ukimwuliza mtu ni nini, aghlabu atakujibu kuwa ni mwani. Ukimwuliza una faida gani, atakuambia hauna, ila kunasa makasia na kuchafua pwani. Katika majibu hayo mawili, la kwanza limezaa la pili. Kitu kisichokuwa na jina hakina mwenyewe, na kisichokuwa na mwenyewe hakina wa kukitetea.

Mwani ni neno sahihi kwa kitu kingine. Mwani halisi hauna mizizi, wala hautoi ua. Hujishikiza juu ya jiwe au kipande cha tumbawe na kunyonya chakula chake kwa mwili mzima. Huo ndio ambao akina mama wa Kibuyuni, huko Kwale, hufunga kwenye kamba na kuulima kwa ajili ya kuuza, kama walivyoanza wenzao wa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Haya majani ninayoyataja leo ni mimea kamili kama mpunga na muwa. Yana mizizi iliyozama mchangani, yana shina litambaalo chini kwa chini, yana jani, yana ua, yana mbegu. Wataalamu wetu wa siku hizi wameanza kuyaita nyasi za bahari, nami naona jina hilo limefaa, na katika makala haya nitalitumia.

Maua chini ya maji

Wenye elimu ya mimea wanatuambia kuwa asili ya nyasi hizi ilikuwa nchi kavu, kisha, mamilioni ya miaka iliyopita, zikarejea baharini. Duniani kote aina zake ni takriban 70 tu. Hapa Kenya tunazo aina 12, kutoka Kiunga mpakani na Somalia mpaka Vanga mpakani na Tanzania. Mwenye kutazama kwa makini atazitambua bila ya kusoma kitabu. Iko yenye shina gumu kama kijiti, na majani yake yamekusanyika juu kama kishada. Hiyo ndiyo iliyoenea zaidi katika pwani yetu. Iko ambayo majani yake ni ya mviringo na membamba kama tambi. Iko yenye majani mapana kama utepe. Na iko moja ndogo, dhaifu, yenye vijani vya umbo la yai visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nayo hutambaa juu ya mchanga kama aibu imeishika.

Jambo la ajabu zaidi ni maua yake. Ua la nchi kavu lina nyuki na kipepeo wa kulihudumia. Ua la chini ya maji halina mdudu huyo, kwa hivyo Mola amelipa maji yenyewe kuwa mjumbe. Aina nyingi hutoa chavua iliyo kama uzi mwembamba, nayo huchukuliwa na mkondo mpaka ikanase kwenye ua la kike. Aina moja kubwa, ipatikanayo kwetu upande wa Lamu, ina mti dume na mti jike mbalimbali, mfano wa mtende. Maua ya kiume, madogo na meupe, hukatika kutoka kwenye shina na kuelea juu ya maji mithili ya chembe za mchele. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mno, ua la kike hufika usoni mwa maji kwa kikonyo chake kirefu, na yale ya kiume yakasukumwa na upepo mpaka yakamzunguka. Mimba ikishika, kile kikonyo hujikunja na kulivuta tunda kurudi chini. Mambo yote hayo hutendeka mbele ya macho yetu, nasi tunapita na mitego yetu tukisema ni mwani.

Si kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Hiyo aina ya Lamu ninayoitaja ilikuwa na jina lake, mtimbi, na wachunguzi wa bahari wameandika kuwa zamani mizizi yake ilikuwa ikiliwa. Hata leo wavuvi wa Chwaka, Unguja, ijapokuwa huziita zote mwani, wanajua vyema ni majani gani yana samaki gani. Elimu hiyo imo vifuani mwa watu. Iliyopungua ni heshima.

Shamba la tafi na changu

Tuje sasa kwenye riziki, maana hapo ndipo kila mtu wa pwani atakapotega sikio. Mvuvi wa dema anajua kuwa tafi hashikwi kwa chambo cha nyama. Tafi ni mla majani, na ndiyo maana dema lake hutiwa majani ya baharini, kisha likashushwa hapo hapo anapochunga. Pono naye yumo katika malisho hayo. Iko aina moja ya pono ambayo maisha yake ni ndani ya nyasi, anazila na kujificha humo, na rangi yake ikafanana nazo. Kwa changu, nyasi ni nyumba ya kulelea. Vifaranga vyake hukaa baina ya majani mpaka vipate nguvu, kisha ndipo vihamie mwambani. Mkundaji huchakura mchangani pembeni mwake. Kaa, kamba, chaza na jongoo wa bahari, wote hao wana fungu lao humo.

Kwa maneno mengine, msomaji wangu, yule samaki uliyemla jana kwa wali wa nazi huenda hakuzaliwa mwambani kama unavyodhani. Mwamba ni baraza yake ya utu uzima. Utoto wake aliupitisha katika nyasi. Mwenye kuharibu nyasi na kuulinda mwamba peke yake ni kama mtu anayefunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi.

Wako na wakubwa zaidi. Kasa, yule wa kijani, akishakuwa mkubwa chakula chake hasa ni nyasi hizi. Nguva naye hana chakula kingine cha kutegemea. Huyu nguva watoto wetu wanamjua kwa hadithi tu, kuwa ni nusu mtu na nusu samaki, ilhali ni mnyama anyonyeshaye, mpole, anayechunga chini ya maji kama ng'ombe anavyochunga uwandani. Alikuwa akionekana katika maji ya Kiunga na visiwa vya Lamu; leo kumwona ni nadra mno. Jarife zimemnasa akazama kwa kukosa pumzi, maana yeye hana budi kuja juu kuvuta hewa. Katika mwambao wote wa Afrika ya Mashariki, kundi lililobakia na matumaini ya kudumu ni lile la Bazaruto, Msumbiji. Mwaka 2022 nguva wa upande wetu wa bahari alitiwa katika daraja ya viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka.

Ziko faida nyingine ambazo hazitiwi kikapuni. Majani hupunguza nguvu ya maji, na tope na mchanga vikatua chini. Mizizi huushika ule mchanga usichukuliwe. Hata yale majani makavu yanayotupwa ufuoni bahari ikichafuka, ambayo mahoteli huajiri watu kuyakusanya kwa reki ili mgeni asiyaone, yana kazi yake: huufunika mchanga wa pwani usiliwe na mawimbi. Mwenye kuyafagia yote kisha akalalamika kuwa bahari inamla ukuta, na ajiulize kwanza.

Na liko jambo ambalo limeyafanya mataifa makubwa yageuke na kuzitazama nyasi hizi. Zinavuta hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto, na kuifukia katika matope ya chini ya mizizi, ikakaa humo kwa karne na karne. Eneo la nyasi zote duniani ni dogo mno likilinganishwa na upana wa bahari, walakini fungu zinalolizika ni kubwa kuliko ukubwa wake. Katika ghuba ya Shark Bay, Australia, mwaka 2022 wachunguzi walitambua kuwa malisho yenye urefu wa kilomita 180 ni mmea mmoja tu, uliotambaa kutoka mbegu moja kwa muda unaokisiwa kuwa miaka 4,500. Umoja wa Mataifa nao, mwaka huo huo wa 2022, ukaitenga tarehe 1 Machi kuwa siku ya nyasi za bahari duniani. Mgeni ameitambua mali yetu; mwenyeji bado anaiita takataka.

Juya na mizizi

Malisho yetu yana ukubwa gani? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa picha zilizopigwa kutoka angani, ulikadiria kuwa Kenya ina takriban kilomita za mraba 317 za nyasi za bahari. Hizo ni zaidi ya mara 20 ya kisiwa kizima cha Mombasa. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa baina ya mwaka 1986 na 2016 tulipoteza kiasi cha moja katika kila tano, na kwamba mwendo wa kupotea uliongezeka baada ya mwaka 2000. Mkulima akiambiwa kuwa moja ya tano ya shamba lake imekwenda na maji katika umri wa mwanawe mmoja, hatalala usingizi. Sisi tumelala, kwa kuwa shamba lenyewe liko chini ya maji.

Sababu ni nyingi. Mto Sabaki huleta udongo kutoka bara, ambako misitu imekatwa na kingo zimelimwa, na maji ya Malindi yakawa mekundu. Nyasi zinataka jua, na jua halipenyi tope. Miaka ya mwanzo ya 2000, huko Diani na Chale, zaidi ya nusu ya nyasi zililiwa na wale wanyama wa mviringo wenye miiba, ambao mwenye kukanyaga mmoja wao hasahau. Wanyama hao walizidi kwa kuwa samaki wanaowala, kama vile kikande, walikuwa wamevuliwa wakapungua. Hivyo ndivyo ulivyo mnyororo wa bahari: pete moja ikikatika, nyingine huanguka. Kadhalika wapigao kamba za mwani wa kuuza juu ya nyasi huziziba jua na kuzikanyaga, na lau wangechagua mchanga mtupu wangepata mazao bila ya madhara.

Walakini sababu iliyo mikononi mwetu zaidi ni juya. Juya ni wavu wa kukokota. Hushushwa mbali, kisha likavutwa na watu wengi kuelekea pwani, na katika safari hiyo hulima chini kama jembe. Hung'oa nyasi na mashina yake, na ndani ya tumbo lake huingia samaki wachanga ambao hata kwa mchuzi hawatoshi. Serikali ilipiga marufuku nyavu hizi mwaka 2001. Tangu hapo ni zaidi ya miaka 20, na ziko pwani ambazo mpaka leo juya linavutwa mchana kweupe.

Hapa sitaki kumhukumu mtu pasi na kumsikiliza. Mvuta juya si adui wa bahari. Mara nyingi ni kijana asiye na chombo wala nyavu, na juya ndiyo kazi pekee ambayo haimwulizi mtaji wala cheti. Akivuta kamba asubuhi anapata fungu lake, na jioni nyumbani kunawaka moto. Tajiri wa juya hayuko majini. Yuko kivulini akingoja hesabu. Kumkamata yule kijana na kulichoma juya bila ya kumwonyesha njia nyingine ni kumfukuza mwenye njaa jikoni. Kwa hivyo wenye mamlaka wakilitaka juya liondoke, na waje na dema, mishipi na vyombo vya kufikia maji makuu, na wamtafute tajiri kabla ya kibarua. Ama sisi wengine nasi tuseme kweli: mwenye kununua samaki wa ukubwa wa kidole sokoni ameshika kamba ya juya pamoja na wavutaji.

Hima na tengefu

Liko jambo katika dini yetu ambalo laiti lingefundishwa zaidi katika darsa zetu. Nalo ni hima. Sikusudii hima ya kufanya haraka, bali neno la Kiarabu lenye maana ya malisho yaliyowekewa ulinzi kwa maslahi ya umma. Mtume wetu (s.a.w.) aliiweka Naqii, karibu na Madina, kuwa hima ya kulishia farasi wa Waislamu, na makhalifa baada yake wakaendelea na utaratibu huo. Nani awezaye kusema kuwa malisho ya nchi kavu yana heshima hiyo, na malisho ya bahari hayana? Qur'ani katika Suratu Rrum imetuonya kuhusu uharibifu unaodhihiri baharini kama unavyodhihiri barani, na ikaubebesha mikono ya watu wenyewe.

Fikra hiyo imekwisha jaribiwa karibu nasi. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Amri za serikali peke yake zilikuwa na uzito mdogo kwa wavuvi. Kuanzia mwaka 1999 mafunzo yakatolewa kwa njia ya dini, katika misikiti na madrasa, kuwa mwanadamu ni khalifa na amana ataulizwa. Waliokuwa wakiipuuza karatasi ya ofisini waliisikiliza mimbari.

Kwetu Kenya nako kuna mfano wa kutia moyo. Wavuvi wa Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, miaka ya katikati ya 2000 waliamua wenyewe kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe. Wakaiita tengefu. Neno hilo la Kiswahili safi likapendwa, na baada yao vijiji vingine vya pwani vikaweka tengefu zao. Mwaka 2017 Kuruwitu walitunukiwa zawadi ya kimataifa kwa kazi hiyo. Naamini lile jina lilifanya nusu ya kazi. Lau wangeliiita kwa maneno marefu ya Kizungu, lingebaki shauri la wageni. Tengefu ni neno ambalo bibi anaweza kumwambia mjukuu wake.

Mikoko nayo ilipata bahati kama hiyo. Gazi walianza mwaka 2013 kuuza hifadhi ya hewa ya ukaa ya mikoko yao chini ya jina la Mikoko Pamoja, na fedha zikasaidia maji na shule za kijiji. Hatua chache mbele ya mikoko hiyo, maji yakipwa, yako malisho ya nyasi. Humo Gazi na kisiwani Wasini, watafiti na wenyeji wamejaribu kuzipanda upya mahali zilipokufa, wakitumia magunia ya kushikia mizizi. Ni kazi ya subira, maana nyasi zilizong'olewa kwa asubuhi moja huhitaji miaka kurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chini ya maji gharama yake ni kubwa zaidi.

Basi tunaweza kufanya nini, sisi tusiokuwa watafiti wala maofisa? Mwenye mashua na atupe nanga yake mchangani, asiitupe juu ya nyasi. Mwenye hoteli na aache sehemu ya majani pwani. Mama asimnunue kifaranga cha changu. Khatibu, ijumaa moja kwa mwaka, na aikumbushe jamaa kuwa aliyepanda kikaliwa na mtu, ndege au mnyama ana thawabu ya sadaka, na kuwa aliyekihifadhi kilichopandwa na Mola mwenyewe hakosi fungu lake. Mwalimu na awashushe wanafunzi ufuoni maji yakipwa, awaonyeshe mwani ni upi na nyasi za bahari ni zipi. Na wazee wa Lamu, Pate, Vanga na Jomvu wenye majina ya nyasi hizi, moja moja, na wayatoe yaandikwe kabla hayajazikwa pamoja nao.

Nami kwa upande wangu nautoa ubeti huu, aliye na sauti auimbe:

Mbuzi hakai zizini, pasi nyasi za kutosha,
Na tafi hamo majini, malisho yakijakwisha,
Tunakokota ya nini, mizizi tukakatisha?
Tulinde nyasi za pwani, bahari itatulisha.